Tozo ya mafuta tunailipa kila lita. Kwa nini barabara ya mtaa inachongwa kila mwaka na haiponi?

Mlipa_Tozo
Wadau, habari zenu. Nianzishe hoja.

Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo ya barabara. Ilikuwa Sh313, bajeti ya 2021/22 ikaongeza Sh100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, yaani TARURA. Fedha inaingia Mfuko wa Barabara, inagawanywa asilimia 70 kwa TANROADS (wenye barabara kuu na za mikoa) na 30 kwa TARURA. Sasa angalia urefu: TANROADS ina kilomita 36,000 na ushee. TARURA ina zaidi ya kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni udongo mtupu. Mwenye mtandao mdogo ndiye anabeba 70. Ukigawa kwa kilomita, moja ya TANROADS inapata zaidi ya mara 9 ya moja ya TARURA.

Ndiyo maana huku mitaani kila mwaka tunaletewa greda linakwangua, mvua mbili tatu, tunarudi palepale. Badilisheni mgawo, haya yote yataisha. Nawasilisha.

Kalavati900
Mkuu, hoja nzuri ila hesabu umeiacha nusu.

Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta inataka si chini ya asilimia 90 ya fedha iende kwenye matengenezo na dharura. Kinachobaki, kisichozidi 10, ni maendeleo na uendeshaji. Kwa hiyo ile 70 si ya TANROADS yote: 63 ni matengenezo ya TANROADS na 7 inabaki wizarani kwa maendeleo. Vivyo hivyo 30: TARURA inapata 27, na 3 ni TAMISEMI.

Halafu ile Sh100 ya 2021 haikuingia kwenye mgawo huo, ililengwa TARURA moja kwa moja. Chukua 313 kwa hesabu ya haraka, asilimia 30 ni kama Sh94. Ongeza 100, unapata 194 kati ya 413, karibu asilimia 47. Kwa hiyo "30" unayoisikia kila siku ni ya kabla ya Julai 2021.

Mlipa_Tozo
Sawa, 47. Bado kilomita 144,000 haziwezi kulingana na 36,000. Na 2023/24 si iliongezwa Sh100 nyingine?

Kalavati900
Iliongezwa, lakini ile ilielekezwa miradi ya kimkakati, reli ya kisasa na bwawa la Nyerere. Usiihesabu kwenye barabara ya mtaa wako.

Mzee_wa_Mizani
Kugawa fedha kwa kilomita ni kosa la kwanza wanalofanya watu wote. Kilomita ya Chalinze na kilomita ya njia ya kijijini inayopitwa na pikipiki na trekta moja hazilingani kwa lolote. Barabara kuu inabeba malori ya tani 56, usiku na mchana. Mafuta yenyewe yanayotozwa yanachomwa zaidi huko huko kwenye barabara kuu.

Pia lami iliyoachwa hadi ikavunjika inagharimu mara kadhaa ya lami iliyozibwa mapema. Ufa ukiachwa, maji yanashuka kwenye tabaka la chini, tabaka linalegea, gurudumu linasukuma, shimo. Shimo la leo unaliziba kwa mota ya lami ya ndoo chache. Mwakani unakata mita 20 nzima hadi chini. Ukipunguza fedha ya TANROADS ili uchonge barabara za udongo, baada ya miaka mitano utakuwa umepoteza lami na udongo vyote viwili.

Bi_Uvinza
Mzee wa Mizani, hayo ni kweli kwa mtu anayesafiri mkoa hadi mkoa. Mahindi hayaanzii Chalinze. Yanaanzia shambani, na kilomita 12 za kwanza ndizo zinazokula faida. Lori likikataa kuingia, mkulima analipa bodaboda gunia kwa gunia hadi barabara kuu. Bei ya kilo moja kwa kilomita moja kwa bodaboda haishikiki ukilinganisha na fuso.

Fundi_Mgongo
Naona mnabishana mgawo. Mimi nasema hata mkiipa TARURA 70, barabara ya kuchongwa kila mwaka itakufa kila mwaka, kwa sababu kinachoiua ni maji. Fedha inakuja baadaye.

Angalieni barabara nyingi za mitaa zilivyo. Zimechongwa mara nyingi hadi zimeshuka chini ya viwanja vya pande zote mbili. Greda linapochonga bila kurudisha kifusi linaondoa kokoto na kuziacha pembeni kama tuta. Tuta hilo linazuia maji yasitoke. Mwaka wa tatu barabara ndiyo mtaro wenyewe. Hapo hata ukimwaga changarawe nzuri ya namna gani, mvua ya kwanza inaibeba.

Kinachotakiwa kwa mpangilio wake: kwanza inua tuta la barabara juu ya ardhi ya asili. Pili, mgongo. Barabara ya changarawe inataka mwinamo wa asilimia 4 hadi 6 kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa upana wa mita 5.5, asilimia 5 maana yake katikati pawe juu ya ukingo kwa karibu sentimeta 14. Ukisimama mbali ukaona barabara imelala bapa, jua haitoboi masika. Ukichonga, acha mgongo wa asilimia 7 au 8, kwa sababu rola na magari wataushusha.

Tatu, mitaro ya pembeni, na hii ndiyo inaachwa, mitaro ya kuchepusha: kila mita 20 hadi 50 unayatoa maji kwenye mtaro unayapeleka shambani au bondeni. Mtaro wa mita 400 usio na mahali pa kutokea ni mto tu. Penye mteremko weka vizuizi vya mawe au miti ndani ya mtaro: mwinamo wa asilimia 5 unataka kizuizi kila mita 20, ukifika 10 ni kila mita 6 hivi. Kizuizi kisizibe mtaro juu, kiache sehemu ya katikati iwe chini, la sivyo maji yatazunguka yatakula barabara.

Nne, kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Ya kipenyo cha milimita 600 inaziba kwa chupa na matope, na mtu hawezi kuingia kuzibua. Ya 900 ina nafasi mara mbili na robo ya ile ya 600. Udongo juu ya kalavati usipungue sentimeta 60, la sivyo tipa la kwanza linalipasua.

Haya yote hayapo kwenye "kuchonga barabara km 6". Kwenye mkataba mmeandika kuchonga, mkandarasi kachonga, kalipwa. Amekosa nini?

Mpiga_Debe
Fundi_Mgongo leo kaja na darasa zima. Ubao na chaki vipo wapi?

Mtumba_wa_Tandika
Na mtaani mwenye kiwanja akikataa mtaro wa kuchepusha usipite kwake? Hapo ndipo panapokwama. Kijijini unayatoa maji shambani, mjini unayatoa sebuleni kwa mtu.

Fundi_Mgongo
@Mtumba_wa_Tandika umegonga penyewe. Mjini huchepushi, unabeba. Inabidi mtaro wa kujengwa kwa mawe au zege hadi kwenye mfereji mkubwa, na mtaro huo kwa mita unaweza kugharimu kuliko changarawe ya barabara yenyewe. Ndiyo maana miradi ya Dar chini ya DMDP, Benki ya Dunia, ilijenga barabara na mifereji kwa pamoja kule Temeke, Ilala na Kinondoni. Ukitenganisha bajeti ya barabara na ya mifereji unajenga mara mbili.

Dada_BOQ
Nakubali maji, lakini Fundi anawaachia wakandarasi mapema mno. Hata penye mtaro mzuri, changarawe haitoshi kwa sababu haikumwagwa yote. Nawapa hesabu ambayo mtu yeyote anaweza kuifanya akiwa amesimama barabarani.

Kilomita moja, upana mita 5.5, unene sentimeta 15 baada ya kushindiliwa: 1,000 × 5.5 × 0.15 = mita za ujazo 825. Changarawe ikiwa imelegea kwenye tipa inavimba, zidisha 1.3, unapata kama 1,070. Tipa la mita 10 za ujazo linatakiwa kumwaga mara 107 kwa kilomita. Akimwaga unene wa sentimeta 10 ni mara 72 tu. Tofauti ni tipa 35 kwa kila kilomita, na kwa macho baada ya kusambazwa huoni chochote.

Lakini kabla hazijasambazwa unaona. Kwa sentimeta 15, malundo ya tipa la mita 10 yanakaa kila mita 9 na kidogo. Ukikuta lundo hadi lundo ni hatua kubwa 14, hapo ni sentimeta 10. Pima umbali wa malundo kumi ugawe. Hakuna haja ya mhandisi.

La pili ni maji ya kushindilia. Changarawe ikitoka machimboni kiangazi ina unyevu mdogo, tuseme asilimia 4, wakati inataka kama 9. Kwa mita ya ujazo yenye tani 2, asilimia 5 ya ziada ni lita 100. Kwa kilomita ni lita 82,500, yaani maboza manane ya lita 10,000 na kidogo, bila kuhesabu yanayokaushwa na jua. Ukiona boza moja limepita limenyunyiza vumbi, rola linafuata, ujue hakuna kilichoshikana. Bana changarawe kiganjani: ikishikana bila kuchuruzika maji, iko sawa. Ikimwagika kama mchanga, kavu.

La tatu ni machimbo yenyewe. Mwongozo wa usanifu wa barabara wa Tanzania wa 1999 unataka tabaka la juu la changarawe liwe na CBR (kipimo cha uimara wa tabaka) isiyopungua 25 na jiwe lisizidi milimita 37.5 isipokuwa kidogo. Lakini CBR peke yake haitoshi. Changarawe isiyo na udongo wa kushika inakuwa mabati ya mawimbi ndani ya miezi. Yenye udongo mwingi inateleza mvua ikinyesha. Wengi wanachukua machimbo ya karibu kwa sababu usafirishaji ndio unaokula fedha, si changarawe.

Kiangazi_Kifupi
Wote mmeongea, ila kalenda hamjaigusa.

Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Zabuni zinatangazwa kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni, tathmini, barua ya kusudio la kumpa mshindi, siku za kusubiri malalamiko, mkataba. Ukiwa na bahati unasaini Septemba au Oktoba. Mkandarasi analeta mitambo, Novemba. Mikoa ya msimu mmoja, Iringa, Mbeya, Songwe, Ruvuma, Dodoma, mvua inaanza Novemba hadi Aprili. Pwani na kaskazini ni vuli Oktoba hadi Desemba, kisha masika Machi hadi Mei. Kiangazi cha kufanyia kazi kilikuwa Juni hadi Septemba, na kimepita mkiwa kwenye makaratasi.

Fedha nayo haiji kwa mkupuo. Mfuko unapokea makusanyo kila mwezi na kugawa kila mwezi. Mkandarasi mdogo aliyeleta hati ya malipo Desemba akasubiri hadi Machi anaegesha mitambo. Changarawe aliyoisambaza bila kushindilia inanyeshewa, anarudi kuianza upya, na gharama ya pili haimo kwenye mkataba. Hapo ndipo Dada_BOQ anakuta sentimeta 10. Si wizi kila mara, mara nyingine ni mtu anajaribu asifilisike.

Dada_BOQ
@Kiangazi_Kifupi mkandarasi aliyecheleweshewa malipo ana haki ya riba kwa mujibu wa mkataba na ana haki ya kuomba muda. Hana haki ya kupunguza unene. Tusichanganye.

Kiangazi_Kifupi
Haki anayo. Nani anaidai riba kwa ofisi anayotaka impe kazi mwakani?

Mpiga_Debe
Hapo sasa.

Karani_wa_Kata
Mnasahau siasa. Mwaka 2021 kila jimbo lilipewa Sh milioni 500 za barabara. Bara wakati ule ilikuwa na majimbo 214, hiyo ni Sh bilioni 107. Ni fedha nyingi zikiwa pamoja. Zikigawanywa sawa kwa sawa, jimbo la mjini lenye kilomita chache za lami na jimbo lenye vijiji sabini na mito kumi na miwili yanapata kiasi kilekile. Kisha ndani ya jimbo kila diwani anataka kata yake ionekane. Milioni 500 kwa kata 20 ni milioni 25 kwa kata. Milioni 25 unafanyia nini? Unachonga. Ndiyo kuchonga kwenyewe tunakolalamikia tangu ukurasa wa kwanza.

Ingefaa ile milioni 500 iwekwe kwenye korongo moja linalofunga tarafa nzima. Lakini daraja moja kata moja, kata 19 zitakusubiri kwenye kikao.

Mstaafu_Halmashauri
Karani ameanza vizuri akamalizia kwa kuwasingizia madiwani. Diwani hana mamlaka juu ya TARURA. Wakala ulianza kazi 1 Julai 2017, barabara zikatoka halmashauri. Meneja wa TARURA wa wilaya anawajibika juu, hadi kwa Mtendaji Mkuu na TAMISEMI. Kwenye baraza la madiwani anakuja kueleza, hawezi kuagizwa. Diwani analaumiwa na wananchi kwa barabara ambayo hana hata shilingi ya kuielekeza.

Ukiniuliza mimi, turudishe barabara za jamii halmashauri, TARURA ibaki na zile kubwa zaidi, za mkusanyo na za mlisho.

Kalavati900
@Mstaafu_Halmashauri tumetoka huko. Kabla ya 2017 kila halmashauri ilikuwa na mhandisi wake, mitambo yake mibovu, na fedha ya Mfuko ilikuwa inakopwa kulipia mambo mengine kisha hairudi. Ndiyo sababu ya kuundwa wakala. Sasa kuna orodha moja ya barabara nchi nzima kwenye mfumo wa DROMAS, kila barabara ina namba, urefu, aina ya tabaka na hali yake. Usirudishe.

Mstaafu_Halmashauri
Orodha haizibi shimo, kijana.

Mama_Kilolo
Samahani naingilia. Barabara yetu ya kijiji haimo kabisa kwenye bajeti, tunaambiwa "haitambuliki". Tufanyeje kwa vitendo?

Karani_wa_Kata
@Mama_Kilolo ukisikia haitambuliki maana yake haimo kwenye orodha, na isiyo na namba haiguswi na fedha ya Mfuko. Anza hivi. Nenda ofisi ya TARURA wilaya uulize kama barabara ina namba. Taja inapoanzia na inapoishia, si jina la mtaa tu. Kama haina, pitisheni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uandikwe na uwe na mahudhurio. Upeleke kamati ya maendeleo ya kata, kisha baraza la halmashauri. Hapo TARURA wanaipima kwa GPS na kuomba iingizwe.

Jambo moja linaangusha maombi mengi: upana. Barabara ya jamii inataka hifadhi ya mita 15. Kama watu wamejenga hadi ukingoni, muandike kwenye muhtasari kwamba wenye maeneo wameridhia kuachia, majina na sahihi. Bila hivyo mhandisi hawezi kuweka mtaro, na tumeona huko juu barabara bila mtaro ni nini.

Ikishakuwa na namba, maombi yaingie kabla ya maandalizi ya bajeti, mwishoni mwa mwaka, si Mei bajeti ikiwa bungeni. Na msiombe "barabara kilomita 9". Ombeni sehemu korofi: kalavati mbili mahali fulani, mita 300 za kifusi penye tope. Ombi dogo lililotajwa mahali lina nafasi kubwa kuliko ombi la kilomita nzima.

Mama_Kilolo
Asante sana kaka. Nimenakili.

Kalavati900
Kuongezea kwa Mama_Kilolo: Kilolo imo kwenye mradi wa RISE pamoja na Iringa, Mufindi, Ruangwa, Handeni na Mbogwe. Ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300, nje ya fedha ya Mfuko. Una sehemu ya vikundi vya kijamii kufanya matengenezo madogo: kufyeka, kuzibua kalavati, kusafisha mitaro. Muulizie afisa maendeleo ya jamii usajili wa kikundi, kisha kiingie NeST. Sheria ya ununuzi inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu.

Otieno_Lami
Hamjambo ndugu zetu. Kumbe tabia ni moja. Huku Kenya tozo ya matengenezo ya barabara ilipandishwa Julai 2024 kutoka Sh18 hadi Sh25 kwa lita. Mara tu fedha ikaongezeka, magavana na wabunge wakakamatana mashati kuhusu Sh bilioni 10.5, kaunti zisema ni zake, wabunge wasema zikae na KeRRA na KURA, mamlaka za barabara za vijijini na mijini. Kesi mahakamani. Barabara inangoja huku mawakili wakilipwa.

Mlipa_Tozo
@Otieno_Lami karibu. Ila hiyo Sh25 yenu ni zaidi ya Sh400 zetu! Mnalipa kama sisi.

Otieno_Lami
Na murram (changarawe) bado inatushinda, usijali.

Mzee_wa_Mizani
Turudi kwenye uzi. Mmesema mgawo, maji, unene, kalenda, siasa. Hakuna aliyetaja uzito. Barabara za TARURA nyingi zina kibao cha tani 10. Tipa la mchanga la mita 15 likijaa, mchanga peke yake ni tani 22 na zaidi, ongeza gari. Linapita barabara ya mtaa mara nyingi kwa siku kwenda kwenye ujenzi. TANROADS ina mizani. Mtaani mizani hakuna. Madhara ya ekseli hayaongezeki kwa mstari: ukizidisha mzigo wa ekseli mara mbili, madhara kwenye barabara yanafika mara 16 hivi. Tipa moja lililozidisha linakula kuliko bajaji zote za mtaa kwa mwezi.

Mtumba_wa_Tandika
Bajaji za gesi ndizo hazilipi kabisa tozo. Mwaka 2024 bajeti ilipendekeza Sh382 kwa kilo ya gesi ya magari, kelele zikawa nyingi. Hizo za umeme zikija nyingi, Mfuko utachangiwa na nani?

Mzee_wa_Mizani
Swali la kweli. Mfuko una tozo ya magari ya mizigo ya nchi za nje na adhabu za kuzidisha uzito, lakini nguzo ni mafuta. Ikipungua, itabidi kutoza kilomita au uzito. Jiandaeni kwa ugomvi mwingine.

Bi_Uvinza
Mbona hamjataja madaraja ya mawe? Kigoma yamejengwa mengi, TARURA wenyewe wanasema yanapunguza gharama hadi asilimia 80 ukilinganisha na zege. Hayahitaji nondo. Mawe yapo, mafundi wa hapohapo wanafunzwa. Kwa fedha ileile ya kata unapata kivuko cha kudumu badala ya kuchongewa.

Fundi_Mgongo
@Bi_Uvinza ni mazuri, ila asilimia 80 ni pale mawe yako karibu. Ukisafirisha mawe kilomita 60 faida inayeyuka. Daraja la mawe linabeba kwa mgandamizo tu, kwa hiyo upinde hausamehi msingi unaozama upande mmoja. Chimba hadi mwamba au udongo mgumu kabisa, na mbele na nyuma ya msingi weka mawe makubwa ya kuzuia maji yasichimbe. Mengi yanayoanguka huanzia chini ya msingi, upinde ukiwa mzima. Kiunzi cha mbao usikitoe mapema kwa sababu bosi anakuja kuzindua. Mota ishike kwanza, na imwagiliwe kila siku. Jaza pande zote mbili za upinde kwa usawa, tabaka kwa tabaka. Ukijaza upande mmoja hadi juu, unausukuma upinde mwenyewe.

Mpiga_Debe
Na milima je? Lushoto, Same huko changarawe inateremka na mvua kama watoto wa shule.

Fundi_Mgongo
Mteremko mkali usiupe changarawe kabisa. Ukizidi asilimia 10 hivi penye mvua nyingi, weka zege, hata kama ni mita 150 tu za kona mbaya. Kama fedha haitoshi upana mzima, weka njia mbili za zege za magurudumu na mawe katikati. Mwanzo na mwisho wa zege weka kizuizi kinachoshuka chini, la sivyo maji yanachimba chini ya ukingo na zege linabaki linaning'inia.

Mlipa_Tozo
Bado nasema mgawo. Hayo yote ya zege na mawe yanataka fedha.

Karani_wa_Kata
Na mimi nasema mgawanyo wa ndani ya jimbo.

Kiangazi_Kifupi
Kalenda. Tangazeni zabuni Aprili, msaini Julai, mwone.

Mtumba_wa_Tandika
@Dada_BOQ swali. Nimeelewa malundo. Kama tayari wamesambaza na kushindilia, napimaje?

Dada_BOQ
Ofisini wana kifaa cha DCP: fimbo yenye koni, nyundo ya kilo 8 inadondoka sentimeta 57.5, unahesabu mapigo. Koni ikizama chini ya milimita 10 kwa pigo, CBR iko juu ya 25 hivi. Ikizama 20 au 30, pamelegea. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuomba ipimwe akiwepo, wakati wa kupokea kazi. Unene unachimbwa shimo dogo la inchi kadhaa, katikati na pembeni zote mbili, rangi ya changarawe inajitenga na udongo wa chini. Usipime katikati tu, pembeni ndiko inakopungua. Kisha mashimo yazibwe na yashindiliwe.

Mtumba_wa_Tandika
Nikikuta sentimeta 11?

Dada_BOQ
Isikubalike kuongezewa nne juu. Tabaka jembamba la sentimeta 4 haliungani na la chini, linabanduka vipande vipande. Achimbue ya zamani kwa meno ya greda kina cha sentimeta 7 au 8, aongeze mpya, achanganye, aweke maji, ashindilie yote kama tabaka moja. Anafanya kwa gharama yake, na kama bado yuko kwenye kipindi cha uangalizi, fedha yake ya dhamana isiachiwe hadi hapo.

Kiangazi_Kifupi
Afanye hivyo mwezi gani? Angalia mawingu kwanza.